Habari za Mwalimu Alfani, Beberu wa Kanyiva na Kofia ya Mkaguzi

Jongeeni, enyi wenye masikio na nafasi ya kuyatumia! Atwangaye na autue mchi, alimaye na auegemee mpini wa jembe lake, na mwenye mtoto mchanga amnyonyeshe apate kutulia. Kwa maana hapa hazisimuliwi habari za masultani waliogombania miji, wala za mizinga iliyobomoa ngome. Hapa lasimuliwa jambo zito kuliko hayo: jinsi ilivyokuwa hata mbuzi mmoja, meza moja na kofia moja vikakutana katika darasa la tatu, na Kiingereza kikatoka mahali ambapo hapana aliyedhani kimo. Nawe Chaki, binti mweupe wa vumbi, wewe upunguaye kila usemapo, ishike mkono simulizi hii isije ikapotea njia.

Palikuwa na skuli nyuma ya Msambweni, pale njia inapoanza kupanda kuelekea vilima vya Shimba, yenye kuta za udongo na paa la makuti. Ulikuwa mwaka wa pili tangu bendera ya Uhuru ipandishwe, na watu walikuwa wameanza kuuliza kwa sauti ni lini watoto wao watakijua Kiingereza cha kuandikia barua serikalini. Swali hilo, kama mzigo usio na mwenyewe, lilitupwa mabegani pa kijana mmoja: Alfani, mwana wa Munje, Simba wa Darasa la Tatu, Mshika Chaki Asiyetetereka, mwenye suruali moja ya kaki isiyopata kukosa pasi.

Huyo Alfani alikuwa amehudhuria mafunzo ya likizo huko Mombasa, na alirudi akiwa na imani mpya kama mtu aliyetoka hija. Aliamini kwamba lugha ya kigeni haiingii kwa wimbo wa kukariri, bali huingia kwa macho, kwa mikono na, ikibidi, kwa tumbo. Basi alikuwa amekula ndizi mbele ya wanafunzi wake ili wajue neno la kula. Alikuwa amelala sakafuni, akakoroma, ili wajue neno la kulala, na wakati huo huo Mwalimu Mkuu akapita dirishani.

Mwalimu Mkuu huyo aliitwa Waziri, mtu wa makamo, mwenye koti lisilovuliwa hata katika jua la Februari, na imani yake ilikuwa ile ya zamani: wote waseme pamoja, tena waseme, tena waseme, mpaka makuti yatikisike. Hakuwa mtu mbaya. Ila alimpenda Alfani kama baba ampendavyo mwana, huku akihofu kwamba mwana huyo ataitia familia aibu.

Siku ya Jumatano akamwita chini ya kamba ya kengele.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu," alisema Alfani.

"Marahaba, mwanangu. Nisikilize vizuri. Kesho anakuja mkaguzi wa skuli, Bwana Baya. Ni mmoja wetu, si Mzungu, na ndiyo maana naogopa zaidi, kwa kuwa Mzungu ukimwambia watoto wana haya hukuamini. Huyu mwenzetu hataamini. Ataingia darasani mwako, na atamwuliza mtoto mmoja mmoja. Na yule asiyeweza kutamka neno, nimekwisha kata shauri, atarudi darasa la kwanza."

Alfani alijua ni nani anayesemwa. 

"Ewe mkuu wetu," akanena, kwa maana akitishika alikuwa na tabia ya kusema kama khatibu, "je, jemadari humfukuza askari kabla ya vita? Je, mkulima hung'oa mche kwa kuwa haujazaa mwezi wa kwanza? Niachie kesho yangu. Niache niwafundishe kwa vitu, wala si kwa kelele!"

"Vitu gani?"

"Vyombo vya jikoni."

Mwalimu Waziri akayafumba macho yake kwa muda mrefu. "Usilale sakafuni tu," akasema. "Hilo moja nakuomba."

Sasa na ijulikane huyo mtoto alikuwa nani. Aliitwa Kanyiva, mtoto wa Wakamba waliopewa shamba upande wa vilimani. Siku yake ya kwanza skulini alikuwa amesimama akasema Kiswahili cha kwao, kifupi na kikavu, na darasa zima likamcheka hadi mwingine akaanguka kutoka kwenye benchi. Tangu hapo Kanyiva aliufunga mdomo wake. Hakusema Kiswahili, hakusema Kidigo, hakusema Kiingereza. Alikaa nyuma, mikono chini ya mapaja, akitazama kila kitu kwa macho makubwa. Alfani alikuwa amekula ndizi nyingi kwa ajili ya macho yale, na jawabu lake lilikuwa kimya. Naye alijua jambo jingine: baba yake Kanyiva alikuwa amesema waziwazi kwamba mtoto akirudishwa nyuma atatolewa skulini akachunge.

Basi jioni ile, kabla ya kuwaachia, Simba wa Darasa la Tatu akasimama mbele ya jeshi lake akagawa silaha. "Kesho tutajifunza juu, chini na ndani. Chome, lete ungo. Jumwa, lete kata. Mapenzi, lete kapu." Kisha akaishusha sauti, kwa maana alitaka kumpa kitu chepesi, kitu kisicho na hatari, kitu cha kuwekwa chini ya meza na kutulia. "Na wewe Kanyiva, lete mbuzi."

Hapo, enyi wasikilizaji, ndipo lilipofanyika kosa kubwa. Kwani katika nyumba ya Alfani, na katika nyumba zote za pwani yote, mtu akitajiwa vyombo vya jikoni kisha akaambiwa lete mbuzi, huleta kile kigoda chenye jino la chuma cha kukunia nazi. Lakini kwa kina Kanyiva hakukunwa nazi. Kwao mbuzi alikuwa na miguu minne.

Alhamisi asubuhi vyombo vilikuwa vimepangwa mezani kama silaha za mfalme, pakasikika kishindo uani. Mlango ukafunguka. Akaingia Kanyiva, jasho limemtiririka, ameshika kamba kwa mikono miwili. Na nyuma ya kamba akaingia beberu mweusi mwenye ndevu na dharau. Na nyuma ya beberu mama yake Kanyiva, Kalekye, akimsukuma kwa goti.

"Mwalimu, habari ya asubuhi," akasema Kalekye, akihema. "Ulisema mbuzi. Tumeleta. Lakini huyu si ya kuuza. Huyu ni ya kusoma tu."

 Kisha Chome, aliyekuwa mwepesi wa kila kitu, akaelewa, akapasuka kwa kicheko. "Ameleta mbuzi! Mwalimu alitaka mbuzi ya nazi, yeye ameleta mbuzi wa nyama!" Na kicheko kikapita benchi hadi benchi kama moto wa nyasi.

Kanyiva akamtazama mwalimu wake. Mikono yake ikaanza kuilegeza kamba. Alfani akayaona yale macho yakijaa maji. Akajua kwamba ana muda wa pumzi moja tu, na kwamba baada ya pumzi hiyo mtoto huyu hatasema tena, si mwaka huu wala mwaka wowote.

Wako mashujaa waliokivuka kijito chenye mamba. Yuko aliyeshika mkuki uliokuwa ukimjia. Alfani alifanya makubwa kuliko hayo. Alikunja uso, akaipiga meza kwa kiganja, akadanganya kwa sauti ya ngurumo.

"Kimya! Ni nani aliyewaambia nilitaka mbuzi ya nazi? Je, mwalimu wenu ni mpishi? Mimi niliomba mbuzi, na katika darasa hili zima ni mmoja tu aliyesikia maneno ya mwalimu! Kanyiva, ahsante. Mlete mbele. Mama Kanyiva, umetutendea hisani, Mungu akulipe. Kaa hapo nje kivulini, somo si refu."

Kicheko kikafa. Kanyiva akaishika kamba upya, akaikaza.

Kwanza chaki iliwekwa ndani ya kapu, wakasema *in*; kisha vita vikaanza. Ilibidi beberu aingie chini ya meza, na beberu hakuona sababu. Alfani akamvuta pembe. Beberu akamvuta Alfani. Alfani akapiga magoti, akamnong'oneza maneno ya amani, beberu akamkanyaga. Alfani akalitupa ganda la ndizi chini ya meza kama mtego wa hila, na adui akainama, akanyoosha shingo, akaingia nusu, mbele yuko chini na nyuma yuko nje. Ilitosha.

"Semeni nami!" akapaza Alfani, nywele zimejaa vumbi. "*The goat is under the table!*"

"*The goat is under the table!*" likajibu darasa. Walisema tena, na tena, kwa furaha ambayo haijapata kuonekana katika somo hilo. Kwa maana walikuwa wakimwona mbuzi, na meza, na hilo neno dogo la katikati, *under*, likipata kiwiliwili. Kanyiva peke yake, aliyekwisha rudi benchi lake la nyuma, hakusema. Ila midomo yake ilikuwa ikitikisika.

Na katika kilele hicho cha ushindi, mlangoni wakasimama watu wawili: Mwalimu Waziri, aliyekuwa amepauka kama jivu, na Bwana Baya mkaguzi, katika suti yake na kofia mpya ya pama, ile iliyokuja pamoja na cheo.

Beberu, alipowaona wageni, akarudi nyuma, akaruka, akapanda juu ya meza. Ungo ukaruka kushoto, kata ikaruka kulia.

Bwana Baya akavua kofia yake taratibu, akaiweka pembeni mwa meza ile ile, akawatazama watoto. "*Where is the goat?*" akauliza.

Na darasa zima, likiwa limesimama wima, likitazama kwato za mbuzi zilizokuwa mbele ya macho yao, likajibu kwa sauti moja: "*The goat is under the table!*"

Mwalimu Waziri akaushika ukuta. Alfani alihisi suruali yake ya kaki ikilowa jasho magotini. Haya ndiyo mavuno ya vitu na vitendo, akajiambia. Nimewapa mbuzi mzima na bado wameimba. Mkaguzi akatoa kalamu mfukoni, akakitikisa kichwa chake, akamgeukia Mwalimu Mkuu kwa neno ambalo halikuwa la heri.

Hakuona kilichokuwa kikitendeka nyuma yake.

"*Sir!*"

Sauti ilikuwa ngeni. Ilikuwa nene kuliko mtoto aliyeitoa. Watu wote wakageuka, hata Kalekye akasimama kule nje.

"*Sir! Goat eat hat!*"

Alikuwa ni Kanyiva, amesimama juu ya benchi, kidole kimenyooka. Alfani akajitupa kwa urefu wa mwili wake, akaishika kofia. Beberu akaishika kofia. Na kwa muda hapakuwa na mwalimu wala mkaguzi, palikuwa na viumbe wawili na tamaa moja. Pama likachanika. Alfani akaanguka nyuma na kofia isiyo na ukingo wa mbele. Beberu akatafuna, macho ameyafumba.

"Makosa!" akalia Mwalimu Waziri, kwa maana hofu ilikuwa imemrudisha kwenye imani yake. "Makosa, Bwana Mkaguzi, nakuomba radhi! Mtoto ameacha maneno, sentensi haikutimia!"

"Mwalimu Mkuu," akasema Bwana Baya, akiichukua kofia na kuigeuza mkononi, "nimezunguka skuli nyingi. Nimeambiwa habari za paka aliyelala mkekani, na hapakuwa na paka, wala mkeka. Huyu ndiye mtoto wa kwanza kuniambia jambo nililokuwa silijui." Akaenda hadi benchi la nyuma. Akainama kidogo, akauliza polepole, kwa upole: "*Where is my hat?*"

Kanyiva akaitazama kofia. Akautazama ule upande usiokuwepo. Akamtazama beberu, aliyekuwa akimeza. Alikuwa mtoto mkweli, na swali lilikuwa la haki. Akalitafuta lile neno dogo la kapu, la vitu vilivyo katika vitu vingine, akalipata.

"*The hat is in the goat, sir.*"

Haikukosa neno hata moja. Hapana aliyekuwa amemfundisha sentensi hiyo. Haikuwamo kitabuni, wala haijapata kusemwa katika nchi ya Kwale tangu kuumbwa kwake. Mkaguzi akaanza kucheka polepole, kisha mabega, kisha tumbo. Na darasa likacheka naye, na Kanyiva akaona kwamba safari hii kicheko hakimjii yeye, kinatoka kwake, akacheka pia. Mwalimu Waziri alichelewa, lakini alipofika alicheka kuliko wote, hadi akavua koti.

Habari za kurudi darasa la kwanza hazikutajwa tena na mtu yeyote.

Adhuhuri, Kalekye akaifunga kamba mkononi akashika njia ya vilimani, na Kanyiva ubavuni mwake. Alfani akawasindikiza hadi pale njia inapokuwa nyembamba, kama ilivyo desturi kwa mgeni aliyekufaa. Mtoto alikuwa akisimulia kwa mama yake, kwa Kikamba, na tangu walipoondoka uani hakuwa amefunga mdomo: alionyesha meza kwa mikono, alikunja uso kama mkaguzi, alianguka chali kama mwalimu, na Kalekye akashika mbavu. Mwalimu wa Kiingereza akawafuata nyuma yao, mwenye goti lililochubuka, asielewe hata neno moja, na hakutaka wamfasirie.

Basi na ihesabiwe siku hiyo pamoja na siku kubwa za nchi, na wenye kuandika waiandike baina ya vita na mikataba: kwamba Alhamisi moja, nyuma ya Msambweni, Alfani mwana wa Munje alipigana na beberu akashindwa, na skuli yake ikashinda.