Andalio la Somo la Bwana Muhuri

Jumatatu asubuhi mlinzi wa getini alibandika tangazo ukutani, akalipiga ngumi mbili ili gundi ishike, akarudi kwenye kiti chake. Tangazo lilisema kwamba kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao madalali hawataruhusiwa kusogelea geti la wizara, na kila mwenye cheti atakipeleka dirishani mwenyewe. Dalali mwingine angesoma hapo habari ya njaa. Bwana Muhuri alisoma habari ya mavuno.

"Wiki tatu," alimwambia dada yake, mwenye duka la fotokopi ng'ambo ya barabara. "Wiki tatu za watu wenye wasiwasi. Mtu mwenye wasiwasi haulizi maswali."

"Sogeza mguu," dada yake alisema. "Umekanyaga waya."

Inafaa nieleze kazi ya Bwana Muhuri, maana yeye mwenyewe aliieleza vizuri kupita kiasi. Mwalimu anayetaka kwenda kufundisha nchi za nje lazima cheti chake kipite kwa wakili, kisha wizara ya elimu, kisha wizara ya mambo ya nje, kisha kwa mfasiri aliyeapishwa, na mwisho ubalozini. Mihuri mitano, foleni tano. Gharama zake halisi hazikuwa siri. Ziliandikwa kwenye ubao, na ubao ulitundikwa nyuma ya mlango wa ofisi. Saa mbili asubuhi mlango ulifunguliwa, ukaufunika ubao. Saa tisa na nusu ulifungwa, ubao ukaonekana, na ndani hapakuwa na mtu wa kuusoma.

Katika giza hilo Bwana Muhuri aliuza mwanga kwa bei aliyoiita nafuu. Alichukua cheti na pesa, akaenda kwa fundi wa kuchonga mihuri ya mpira, na baada ya siku mbili alirudisha cheti chenye mihuri mitano, mizuri kuliko ya serikali, kwa sababu ya serikali wino wake ulikuwa umekauka. Mwenye cheti aliujua ukweli akiwa ubalozini, au uwanja wa ndege. Bwana Muhuri hakuwahi kupokea lalamiko hata moja, kwa kuwa kila mwezi alibadilisha namba ya simu. Simtetei. Nasema tu kwamba alikuwa mtu wa utaratibu.

Saa nne siku hiyohiyo alimwona mwanamke amesimama mbele ya lile tangazo, bahasha ya kaki mkononi. Alilisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akalisoma tena. Kwenye kiwiko chake cha kulia kulikuwa na vumbi la chaki. Bwana Muhuri akavuka barabara.

"Habari za asubuhi, mwalimu."

"Nzuri. Umejuaje kama mimi ni mwalimu?"

"Nani mwingine anasoma tangazo mara mbili?"

Hakucheka. Alimtazama kama mwanafunzi aliyejibu sawasawa bila kunyoosha mkono.

"Watu huniita Muhuri," aliendelea. "Humo ndani kila dirisha lina ndugu yangu. Wewe hupangi foleni hata moja, dada yangu. Siku mbili, mihuri mitano, bei nafuu."

"Nafuu kuliko nini?"

Katika miaka sita hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Kuliko usumbufu," alisema.

Mwalimu akatikisa kichwa polepole, kama aliyeridhika. Alieleza kwamba anafundisha hesabu, kwamba amepata mkataba katika shule moja ya nje, na shule hiyo inataka cheti chenye mihuri yote ndani ya wiki tatu, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. "Tena siko peke yangu. Kuna walimu wengine ishirini upande wetu wanatafuta njia hiihii. Lakini waoga. Walishasikia mambo."

"Mambo gani?" Bwana Muhuri aliuliza kwa huzuni ya dhati.

"Mihuri ya bandia. Ndiyo maana wamesema, fanya changu kwanza. Mmoja wao ana shemeji anayefanya kazi ubalozini, atakikagua. Wakiridhika, Ijumaa ya wiki ya tatu nawaleta wote ishirini. Malipo yangu utayapata siku hiyo, pamoja na yao."

Bwana Muhuri aliomba nusu saa ya kuwasiliana na ndugu zake wa madirishani. Alikwenda kuwasiliana na dada yake.

"Hana hata senti ya kutanguliza," dada yake alisema.

"Ana walimu ishirini. Huyo mmoja ni chambo. Mvuvi anayeonea uchungu chambo anakula mboga."

"Na nani ndoano?"

"Hii biashara wewe huielewi, dada."

"Kweli siielewi," alisema, akaweka karatasi kwenye mashine.

Hivyo ndivyo mtu aliyekuwa na ndugu kila dirisha alivyolazimika kumuuliza mlinzi mlango wa kuingilia uko wapi. Kwa kuwa shemeji wa ubalozini hadanganywi na mpira, kazi ilibidi ifanywe kweli. Alipanga foleni wizara ya elimu kuanzia saa moja asubuhi, mbele yake muuguzi aliyesinzia akiwa amesimama, nyuma yake mzee aliyempumulia shingoni hadi adhuhuri. Alipolifikia dirisha namba tatu, lilifungwa kwa mapumziko ya chakula. Alitaka kutumia ule usemi wa penye udhia penyeza rupia, akaikunja noti kwenye kiganja, lakini mama wa dirishani aliitazama noti, akamtazama yeye, akamwambia ada inalipwa benki.

Alipolipa benki ndipo alipopata pigo. Ada ilikuwa ndogo mno. Aliisoma mara tatu. Miaka yote alijua kwamba yeye ni ghali, lakini hakuwahi kujua kiasi, na kwa muda alihisi kitu kama kujivunia.

Mwalimu alikuwa na sharti moja zaidi. "Wale ishirini hawataelewa kitu bila andalio la somo," alisema siku ya tatu, alipopita dukani saa kumi baada ya vipindi. "Niandikie. Lengo, hatua, mahali, muda, gharama. Nitawaonyesha, watatulia."

Kuwatuliza watu ilikuwa fani yake. Aliandika mistari minne kwenye kipande cha karatasi. Kesho yake kilirudi kikiwa na wino mwekundu kila kona. *Lengo halipimiki. Hatua ya pili, dirisha lipi? Mfasiri anapatikana siku zipi? Nione.*

Alimwona. Alirudia. Kilirudi tena, wekundu umepungua. Kufikia wiki ya pili Bwana Muhuri alikuwa anatembea na daftari. Aliandika kwamba wakili wa ghorofa ya kwanza anathibitisha nakala kwa nusu ya bei ya yule wa chini, kwamba wizara ya elimu haina watu Jumatano baada ya saa nane, kwamba mfasiri hupokea kazi Jumanne na Alhamisi tu, na kwamba picha ndogo ikiwa na kivuli ubalozi huirudisha. Katika safu ya gharama aliandika bei zake mwenyewe, kwani mjanja haachi ujanja wake wote mlangoni. Dada yake alimkuta siku moja anachora mistari ya jedwali kwa rula.

"Unaumwa?" alimuuliza.

"Hatua ya nne ina vipengele viwili," alisema Bwana Muhuri. "Lazima vitenganishwe."

Kikwazo kimoja tu kilimtia hofu. Mambo ya nje walibana stakabadhi ya benki nyuma ya cheti kwa pini, na bei halisi ilionekana pale waziwazi. Alijaribu kuichomoa. Karani alimwambia, bila ukali, kwamba ikichomolewa cheti kimeharibika. Akaiacha, akijipa moyo kwamba watu huangalia muhuri, hawaangalii pini.

Jumatano ya wiki ya tatu ubalozi uligonga muhuri wa mwisho. Mwalimu alikipokea cheti kwenye duka la fotokopi, akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza nyuma. Aliihesabu mihuri mmoja mmoja, kama anayesahihisha mtihani. Bwana Muhuri alipoona hivyo alifurahi kweli, kama aliyekisomea yeye cheti hicho darasani, akajishangaa.

"Kazi nzuri," Mwalimu alisema.

"Ijumaa?"

"Ijumaa saa nane. Wote ishirini. Tafuta chumba chenye ubao, walimu bila ubao hawatulii. Andalio nabaki nalo."

Alikodi chumba kwenye kituo cha masomo ya ziada, nyuma ya stendi ya teksi. Alilipia muda wa saa tatu. Ijumaa alivaa koti, akachukua begi kubwa tupu, na saa nane kasoro dakika kumi alisukuma mlango.

Walikuwa wameshafika. Walimu hawachelewi wanapokuwa wanafunzi. Walikuwa ishirini kwenye madawati, daftari zimefunguliwa, na mbele ya kila mmoja kulikuwa na nakala ya andalio lake, yenye mstari mweusi pembeni, ule wa mashine ya dada yake. Dada alikuwa amelipwa taslimu kwa nakala ishirini na hakuona sababu ya kuuliza. Safu ya gharama ilikuwa imesahihishwa yote kwa wino mwekundu, bei zake zimekatwa, bei za benki zimeandikwa juu yake. Kwenye ubao mtu mwenye mwandiko mzuri alikuwa ameandika tarehe, na chini yake: *Mada: Kuthibitisha vyeti bila dalali. Mkufunzi: Bw. Muhuri.*

"Karibu, mkufunzi," alisema mwanamume mwenye mvi, ambaye walimu wengine walimwita Mkuu. "Tulikuwa tunakusubiri."

"Mwalimu wa hesabu yuko wapi?"

"Aliondoka jana na ndege ya mchana. Ada ya semina tulimlipa yeye, ndiyo imemalizia tiketi. Alisema wewe unajitolea."

Bwana Muhuri aliutazama mlango. Mwalimu wa michezo alikuwa ameuegemezea dawati lake, kwa sababu ya upepo, alisema, na alikuwa mtu mpana. Basi akaweka begi chini na kufikiri haraka. Watu ishirini bado ni watu ishirini. Akiongea vizuri, huenda watano wakaona uvivu wa foleni na kumpa vyeti. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Akachukua chaki.

Aliongea kwa muda wa saa mbili. Alianza kwa kutisha, akieleza foleni kama vita, lakini walimu walitaka namba za madirisha. Alipojaribu kuruka hatua ya tatu, dawati la pili lilinyoosha mkono. Waliuliza cheti kilichopotea kinafanywaje, jina la ndoa linathibitishwa wapi, mfasiri akikosea nani analipa. Aliyajua majibu yote. Hilo ndilo lililomsumbua, kwamba kila jibu sahihi lilimwondolea mteja, na bado lilimtoka mdomoni lenyewe, na Mkuu alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Swali la mwisho," Mkuu alisema.

Mwanamke mmoja wa dawati la mbele alisimama. Alitoa kwenye mkoba cheti kilichokunjwa, akakikunjua juu ya dawati, na Bwana Muhuri akaiona mihuri mitano, mizuri kuliko ya serikali.

"Mimi nafundisha Kiswahili, shule moja na mwalimu wa hesabu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mwaka jana nilipata nafasi nje. Nilimpa mtu pesa za akiba ya mama yangu. Ubalozini walinishika nusu siku wakinihoji, kisha nafasi ikaenda. Namba ya yule mtu haikupatikana tena. Sijakuja kugombana. Swali langu ni hili. Mtu akikufuata getini, akakwambia kila dirisha lina ndugu yake, umjibu nini?"

Wahenga walisema mjinga akierevuka mwerevu yupo mashakani, na hapa walierevuka ishirini kwa pamoja. Hakuna aliyemtukana. Walishika kalamu wakingoja, na Bwana Muhuri aliona aibu, kitu ambacho hakukizoea, ikaanzia masikioni. Angeweza kutia chumvi. Angeweza kusema inategemea na mtu. Aliyatafuta maneno hayo na hayakuja.

"Msimpe kitu," alisema.

"Taratibu kidogo," alisema Mkuu. "Tunaandika."

"Hana ndugu ndani. Hajawahi hata kuingia." Alikohoa. "Ubao wa bei uko nyuma ya mlango. Mvute mlango, msome. Nendeni wenyewe. Msimpe mtu yeyote pesa zenu."

Kalamu ishirini zilikimbia pamoja. Yule mwalimu wa Kiswahili, ambaye bado alikuwa amesimama, aliandika la kwake akiwa ameinama juu ya cheti kile, kisha akainua uso.

"Nukta?" aliuliza.

"Nukta," alisema Bwana Muhuri.