Udongo Wangu Hauna Plombi

Jumatatu, tarehe 2 Machi
Aibu! Nabintu, mujukuu wangu, mimba ya miezi mitano, nimemukuta sokoni Murara akinunua udongo wa kula kwa Perpétue! Na mimi koko yake nauza udongo meza ya pili! Eti wa Perpétue unanukia mvua. Wangu unanukia nini, mbuzi? Huyo Perpétue nitamukomesha.

Jumanne, tarehe 3
Bwana wa Nabintu, Olivier, anasomea mawe universite. Miaka mine! Mimi herufi nimejifunza kanisani na mvi kichwani, lakini mawe sikufundishwa na mutu. Goma tunajikwaa juu yake kila siku. Leo lakini anafaa. Nimemuomba apime udongo wangu na wa Perpétue. Wangu nimemupa wa kweli. Wa Perpétue? Uchafu niliokwangua chini ya betri mbovu za fundi Kakule. Ha!

Jumatatu, tarehe 9
Majibu. Olivier alikohoa kama padri. Ule wa Perpétue umejaa plombi, risasi ile yenye sumu ya betri, na waya ndani; akaniuliza, Koko, tangu lini udongo unaota waya? Nikatazama dari. Kisha akasema wangu una plombi pia. Nikaruka! Nani ameitia? Hakuna mutu, akasema. Mawe ya kale yalimomonyoka milimani, maji yakabeba vumbi lake na plombi yake, yakalilaza bondeni tabaka juu ya tabaka. Nikamujibu, basi mulima wenyewe ni mulozi. Akasema plombi inaweza kuharibu ubongo wa mutoto tumboni.


Jumanne, tarehe 10
Nimemwaga gunia langu zima. Nikamuonya Perpétue, maana udongo wetu unachimbwa shimo moja. Akacheka, eti nimeshindwa biashara. Nikamwaga na lake! Tumevutana vitambaa vya kichwa mbele ya soko zima. Nyumbani Nabintu analia kwa hamu, mate yanamutoka. Nimemukumbatia. Lazima nimupatie kitu cha kutafuna.

Alhamisi, tarehe 12
Nimepata! Plombi inaletwa na maji, si ndiyo? Basi jiwe la volkano halikuletwa na maji. Limepikwa! Sumu gani inapona moto ule? Na limejaa mulangoni, bure. Miaka mine Olivier analikanyaga bila kuliona. Nimelionja kwanza mimi, mujukuu wangu si wa kujaribiwa. Limenivunja jino la mbele.
Dalili nzuri. Udongo wa Perpétue haujawahi kuvunja jino la mutu.
Kesho nalisaga.