Naomba Kuachishwa Kazi ya Kushindana na Mke Wangu

Kwa Mkuu wa Kitivo cha Biashara,
Chuo Kikuu.

Mheshimiwa Mkuu,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo, wewe na walimu wako wote. Mimi ningekuwa sijambo, ila mmenifanya mshindani.

Nieleze vizuri. Mimi ni fundi cherehani, na mke wangu ni fundi cherehani. Tangu tuoane tumeshona katika chumba kimoja, cherehani yake kando ya yangu, yeye akikata, mimi nikiunga. Mwaka huu alijiunga na masomo ya uzamili hapo kwenu, ya kupanga ukuaji wa biashara ndogo ndogo. Nilifurahi mno, nikamshonea suti ya kuanzia masomo. Yule mwanafunzi wenu anayependeza kuliko wote ndiye huyo, kama mlikuwa hamjamjua.

Balaa lilianza alipopeleka tasnifu yake, yaani mpango wa kukuza duka letu. Msimamizi wake aliurudisha, akasema sura ya mshindani iko tupu, na mpango usio na mshindani haupiti. Mke wangu akamweleza ukweli, kwamba mtaa wetu mzima hauna fundi mwingine. Msimamizi akamwambia atafute. Maskini, alizunguka mpaka soli za viatu zikalika. Basi akarudi nyumbani, akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili, na kesho yake nikajikuta ng'ambo ya barabara, katika chumba kilichokuwa cha muuza matairi, na mlangoni kibao kinachosema kwamba mimi ni hodari kuliko yule wa upande wa pili. Kibao hicho alikiandika yeye mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nanyimwa habari. Zamani mteja akitoka tulimsengenya kidogo, kwa upendo. Sasa nasengenya peke yangu, na anayenisikiliza ni tairi lililosahauliwa pembeni. Namwona mke wangu dirishani akicheka na wateja mpaka anafuta machozi, na mimi sijui kinachochekesha ni nini! Mheshimiwa, wewe ungeweza?

2. Mpango huo una sura iitwayo Udhaifu wa Mshindani. Nimeiona mezani, na ni nene kuliko sura nyingine zote. Imeandikwa humo kwamba mshindani hutafuta mkasi akiwa ameushika, hupiga soga hadi pasi inaunguza kola, na mifuko ya nyuma anayoshona huangalia pande tofauti. Hivi mwanafunzi gani mwingine ameruhusiwa kulala chumba kimoja na mshindani wake? Na msimamizi, bila haya, ameandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba utafiti ni wa kina.

3. Ananinyang'anya wateja kwa mkakati. Alianza na kinyozi, nikavumilia. Akaja kwa mama yangu. Mama yangu mzazi, Mheshimiwa! Alipita mbele ya mlango wangu na kitambaa kwapani, akanipungia mkono, akavuka barabara. Nilipomuuliza jioni, akasema kule kuna punguzo.

4. Nyumbani hatuzungumzi kazi tena, eti mikakati itavuja. Tunakula tukijadili mawingu. Juzi nilimuuliza kama ameiona sindano yangu nene, akanijibu kwa adabu kwamba hawezi kusema lolote kabla ya kutetea tasnifu.

5. Nimesikia kwamba hatua ya mwisho ya mpango ni kummeza mshindani. Sijui ni lini, wala kama nitaarifiwa. Siku hizi akinisogelea na futi kamba, naruka.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mfute sharti la mshindani katika masomo yote ya uzamili. Likiwashinda hilo, basi msimamizi mwenyewe aje awe mshindani, chumba nitamwachia na tairi lake. Na hilo nalo likishindikana, niandikisheni na mimi, niandike sura ya udhaifu wa mke wangu. Nakiri nimeshajaribu, nikakwama kwenye mstari wa kwanza.

Nisikufiche. Namkumbuka mke wangu, na yuko ng'ambo ya barabara tu. Ningefunga duka hili leo hii, lakini nikifunga, sura inakuwa tupu, naye anafeli kwa ajili yangu. Ameipigania shahada hiyo jamani! Sitaki afeli. Nataka arudi, na afaulu.

Nakuachia jambo hili mikononi. Nisalimie walimu, makarani, mlinzi wa getini, na waume na wake wote waliogeuzwa sura za tasnifu. Msimamizi naye msalimie, ila usizidishe.

Wako katika ushindani nisiouomba,

Fundi wa Ng'ambo

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mke wangu amevuka barabara akisukuma cherehani yake kwenye mkokoteni. Amesema utetezi ni kesho na liwalo na liwe, kule peke yake hakukaliki. Nimefurahi hadi nimemkumbatia mbele za watu. Lakini mama mkwe wangu, ambaye ndiye aliyemfundisha binti yake kushona, alipoona lile duka letu limeachwa wazi, aliingia, akavaa miwani, akaanza kazi. Mheshimiwa, yule mama ni moto! Wateja wote wamehamia kwake, na foleni imefika barabarani. Basi ombi langu la kufuta sharti nalifuta. Liacheni palepale, tena likazieni. Mtahinini mke wangu kesho kama ilivyopangwa, na anayetaka kumwona mshindani aje amwone kwa macho yake. Sisi hapa hatuna mteja hata mmoja, tumekaa wawili tunacheka tu, na ukuaji tutauanza wiki ijayo.