Mpango wa Kumfanya Redio Awe wa Kawaida

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku njema! Hoja yangu juu ya Redio imekamilika, na haina ufa hata mmoja.

Kwa ajili ya kumbukumbu, maana shajara nayo inastahili ukamilifu wa tasnifu: mimi ni mratibu wa nyumba wanamoishi watu wazima sita wenye ulemavu wa akili. Ninaongozwa na kanuni moja tu, kanuni ya ukawaida, isemayo kwamba mtu wa namna hiyo apewe maisha yaliyo karibu kabisa na ya watu wengine: saa zao, makazi yao, mwenendo wao. Ndiyo kanuni iliyowatoa watu katika mabweni yenye makufuli. Kanuni tukufu! Kasoro yake ni kwamba hakuna anayeitekeleza hadi mwisho. Isipokuwa mimi.

Redio ni mwanamume wa makamo, ana mvi za heshima, anaishi chumba cha mwisho pamoja na rafiki yake Kamanda. Kila asubuhi husimama ukumbini, huweka jagi la plastiki mdomoni na kutangaza: hali ya hewa, chakula cha siku, nani kamnunia nani. Kamanda humpigia saluti, kisha huenda kuchagua viatu kwa mujibu wa taarifa. Watu wazima! Je, jirani wa kawaida hutangaza habari kwa jagi? Je, mtu wa umri wake hulala chumba kimoja na rafiki yake? Hapana, na tena hapana. Urafiki huo ni mazoea ya taasisi yaliyovaa nguo za nyumbani. (Sentensi nzuri. Itumike mbele ya bodi.)

Uamuzi: Redio atahamia peke yake katika chumba nilichokipata ghorofani, kwenye jengo la wapangaji karibu na soko. Kamanda atabaki. Bodi itaketi Ijumaa kuupitisha mpango. Nilimpasha Redio habari. Akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza Kamanda atapanda gari gani. Nikamweleza kwamba Kamanda hapandi. Akasema basi na yeye hapandi, akaenda kula.

Mfano halisi wa utegemezi.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimepiga marufuku jagi. Mhamaji lazima aandaliwe kisaikolojia.

Matokeo ya asubuhi hayakuwa safi kama nilivyotarajia. Mpishi alichelewesha chai. Alidai kwamba yeye hubandika sufuria anaposikia "mabibi na mabwana", na leo hakusikia bibi wala bwana. Uji ukashika chini. Wakazi wakaibuka mmoja mmoja wakiulizana kama kumekucha. Kamanda alitoka na nguo za kulalia, mguu wa kulia buti la mvua, mguu wa kushoto ndala, akaeleza kwamba kwa kuwa hakuna taarifa amejiandaa kwa lolote. Mpishi alicheka hadi akakaa sakafuni. Nikamkumbusha kwamba kucheka hakumo katika majukumu yake. Akasema, "Bosi, kungekuwa hakumo ningeshaacha kazi zamani."

Nimeiingiza kauli hiyo kwenye faili lake.

Redio mwenyewe hakulalamika. Alikaa kwenye kiti akitazama ukuta, mikono mapajani. Nimeandika: mwenendo wa kawaida kabisa.

Jioni nikarudi nyumbani nimelowa chapachapa. Mwavuli nilikuwa nimeuacha ofisini. Dada yangu mkubwa, ninayeishi kwake kwa sababu za kiutendaji, alinikausha kichwa kwa taulo akiniita we mtoto, akauliza kulikoni leo, kwani Redio hakusema kama kuna mvua? Nikamjibu kwamba mvua ni jambo la kimaumbile na halina uhusiano na sera.

Tabasamu amepiga simu. Huyu ni mratibu wa nyumba ya pili, mtu anayetabasamu hata kwenye misiba, na ambaye anakimezea mate cheo kilekile ninachokitaka mimi: mratibu mkuu wa nyumba zote. Amesikia juu ya uji. Akanipa pole. Nilimsikia akitabasamu.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Siku ya utafiti. Mtu hawezi kumfanya mwenzake awe wa kawaida bila kujua ukawaida ukoje. Nilikwenda kwenye lile jengo la wapangaji na kujibanza nyuma ya tangi la maji, penye mandhari nzuri ya ngazi na ua.

Niliyoyaona! Mzee mmoja, karani mstaafu wa posta, anaosha gari lisilo na magurudumu. Analiosha kwa upendo, kioo kwa kioo, kisha anakaa ndani na kupiga honi mara moja. Ghorofa ya kwanza kuna mshonaji anayeigombeza cherehani yake akiiita mama mkwe. "Unanikatia uzi makusudi, mama mkwe! Subiri mwanao arudi!" Wapita njia wanamsalimu yeye, kisha wanaisalimu cherehani.

Nimeamua kuwaondoa wote wawili kwenye takwimu. Hawawakilishi.

Kwa bahati mbaya nilipiga chafya. Mzee wa posta akanitoa nyuma ya tangi kwa ukosi wa shati, mshonaji akashuka na mkasi mkononi, wakataka kujua namtafuta nani. Nikawaeleza kinagaubaga. Nikaanza na historia ya kanuni, nikaingia kwenye dhana ya majukumu yanayothaminiwa na jamii, nikagusia ratiba ya wiki. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zao zilivyolainika. Mwishowe wakatazamana. Mshonaji akaushusha mkasi, akasema kumbe ni huyu, mwenye nyumba alishawaambia kuna mpangaji anakuja ambaye anahitaji kueleweka.

Nikasema ndiyo, suala zima ni kueleweka.

Mapokezi ya kupigiwa mfano! Nilipewa kiti na maji ya kunywa. Walizungumza nami kwa utaratibu, neno moja baada ya jingine, jambo ambalo sijawahi kulipata kwa wajumbe wa bodi. Mzee aliuliza kama kuna mtu wa kunirudisha nyumbani. Ukarimu ulioje! Redio atakuwa mikononi salama.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Ziara ya majaribio. Nilimchukua Redio kwenda kukiona chumba. Kamanda hakualikwa. Alitufuata kwa miguu upande wa pili wa barabara, akijificha nyuma ya nguzo nyembamba kuliko yeye.

Mshonaji alitulaki ngazini. Akamshika Redio mkono, akamvuta kando na kumuuliza jambo kwa sauti ya chini. Nilisikia kidogo tu: je, huyu ndugu anakula kila kitu? Redio akajibu kwamba ninakula kila kitu ila sipendi kuambiwa. Je, hukasirika? Redio akasema hukasirika, lakini nikiachwa niongee hupoa. Akaongeza kwamba mvua ikinyesha nikumbushwe mwavuli. Alijibu yote kwa subira kubwa. Nimeandika: mawasiliano na majirani, bora sana!

Redio akaingia chumbani. Alitazama kitanda, akakizunguka, akachungulia uvunguni. Kisha akauliza yule wa kujibu atalala wapi. Nikasema sijaelewa. Akaeleza, polepole, kama anayemsaidia mtu, kwamba usiku yeye husema "usiku mwema, wasikilizaji", na Kamanda husema "asante, studio", ndipo wote wawili wanalala. Asipojibu mtu, akasema, hiyo siyo redio tena. Hiyo ni mtu anaongea peke yake.

Nikamweleza kwamba watu wengi wa kawaida huongea peke yao. Akasema anajua, ameniona.

Alipofika mlangoni akasimama na kukataa kutoka mpaka nimwambie kama Ijumaa watamtoa kwa Kamanda. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwambia kwamba bodi ndiyo huamua, jibu lililo sahihi kitaalamu. Nje, Kamanda alikuwa ameketi kwenye gari lisilo na magurudumu pamoja na mzee wa posta. Walikuwa wanapokezana honi.

Sijui kwa nini nimekosa hamu ya kula. Huenda ni ule uji.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Bodi! Nitaandika kwa mtiririko, ingawa wengine hawakuwa na mtiririko wowote.

Mwenyekiti ni mkunga mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha watu wazaliwe. Nilitoa hoja yangu yote. Ile sentensi ya mazoea ya taasisi niliisoma mara mbili. Tabasamu aliketi mbele yangu, meno nje. Redio na Kamanda walikaa nyuma wameshikana mikono kama watu wanaosubiri sindano.

Nilipomaliza, mwenyekiti hakuniuliza lolote mimi. Akamgeukia Redio: baba, wewe unatakaje? Redio akasema anataka kulala palipo na Kamanda. Nikasimama kupinga: utashi huo hauwezi kuhesabiwa, kwani umeumbwa na watu anaoishi nao. Mwenyekiti akauliza na utashi wangu mimi umeumbwa na nani, ng'ombe? Kisha akasema wenzangu, kanuni ililetwa ili watu wafunguliwe mageti, haikuletwa ili waende kuigiza maisha ya watu tusiowajua. Na urafiki wa hawa wawili si urafiki wa majaribio unaosubiri marafiki wa kweli waje. Kauli nzuri kwa kalenda. Nikaomba ithibitishwe kwa data.

Akasema data ataipata sasa hivi. Akaomba yeyote ukumbini anayeishi peke yake anyooshe mkono.

Hakuna mkono. Nikamtazama Tabasamu. Ikabainika anaishi na wakwe zake, kwao, na kwamba funguo za geti anazo mama mkwe. Tabasamu halikuwepo tena usoni! Furaha iliyonipata siwezi kuieleza kwa lugha rasmi.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, akaingia dada yangu na chakula changu ndani ya bakuli lenye kifuniko na miwani niliyoisahau. Akaomba radhi kwa wakubwa, akanivalisha miwani, akaniuliza mbele ya bodi nzima kama nimebadilisha fulana. Kamanda alisimama wima, akampigia saluti, akaniambia, "Kumbe na wewe una Redio wako! Sasa si ungesema?"

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Mpishi, aliyekuja na chai, ilibidi ashikiliwe. Redio akatoa jagi chini ya kiti (nani alimrudishia? Uchunguzi utafanyika) na kutangaza kwamba habari zilizoifikia studio hivi punde zinasema chumba cha mwisho kitaendelea kuwa na watu wawili, anga ni jeupe, na wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono yote ikapaa. Hata wa Tabasamu. Hata wa dada yangu, ambaye si mjumbe!

Redio na Kamanda walikumbatiana hadi kiti kikaanguka. Kumbatio refu kupita kiwango. Nilichelewa kulikatiza kwa sababu miwani ilikuwa na ukungu.

Mwisho mwenyekiti akasema kwa kuwa chumba cha ghorofani kimeshapangishwa, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeamini manufaa ya kuishi peke yangu, nikae mimi huko, kisha nilete taarifa. Wakacheka tena. Mimi nikakubali mara moja. Wamenikabidhi utafiti mkuu kabisa wa fani hii, na hawajui!

Jumapili, tarehe 9 Juni

Naandika nikiwa chumbani kwangu. Peke yangu. Ukawaida mtupu!

Redio na Kamanda walinisaidia kubeba mizigo. Redio akasimama ngazini na jagi lake, akawatangazia wapangaji kwamba amewasili ndugu yetu, msomi, mpole akishiba, tumpokee. Jengo zima likapiga makofi. Wamemwomba awe anakuja kila Jumapili kuwasomea habari za jengo. Akakubali kwa sharti kwamba na Kamanda aje, la sivyo nani atajibu? Wakasema hilo halina mjadala. Nikawaona dirishani wakiondoka wameshikana mabega, wanabishana kama kesho kuna mvua, wanacheka. Niliwapungia mkono, kwa ajili ya utafiti.

Maendeleo yangu ni ya kuridhisha. Jiko lilikataa kuwaka. Mzee wa posta alikuja kuliwasha, akanionyesha moto kwa kidole na kusema, "Huu. Unaunguza." Nikathibitisha. Mshonaji aliniletea chakula, nyama imekatwakatwa vipande vidogo, akakaa kunitazama hadi nikamaliza, akapiga makofi: "Umejitahidi, baba! Sahani nyeupe!" Nilipotaka kwenda dukani, mzee alinishika mkono kuvuka barabara, akaniuliza kila gari linalopita lina rangi gani. Nilipata zote. Nilipojaribu kueleza juu ya tasnifu yangu, mshonaji alinipapasa bega na kusema, ndiyo, ndiyo, ni nzuri sana hiyo tasnifu yako, sasa pumzika.

Baada ya tafakuri ya kina, hitimisho ni moja. Kanuni haina kosa lolote. Kosa ni la majirani. Watu wa kawaida hawalishani, hawashikani mikono barabarani, hawasalimii cherehani, na hawagongi mlango wa mtu kila saa kumuuliza kama yu mzima. Hawa wamekaa pamoja muda mrefu mno! Wana dalili zote za mazoea ya taasisi.

Nimeshaandaa Awamu ya Pili. Wataanza na ratiba ya wiki, kisha vyumba vyao vitatenganishwa kwa majengo. Kesho asubuhi nitabisha hodi kwa mshonaji, nimkalishe chini, nimshike mkono, na kumweleza kwa upole, neno moja baada ya jingine, kwamba anahitaji msaada.