Uso wa Rufaida Kwenye Kuta za Majengo

Jumatatu, 8 Juni 2026

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa. Bado nikiamka natazama upande wa pili wa kitanda kuhakikisha si ndoto. Si ndoto! Rufaida yupo, amenipokonya blanketi lote, na hata hilo analifanya kwa madaha.

Jioni, mkutano wa wakazi. Mwenyekiti wetu, Mama Kavindu, ametangaza shindano. Lile lundo la takataka kwenye kona ya kuingilia mtaani limefika kimo cha mtu. Atakayebuni njia ya kuliondoa kabla ya Jumapili atapewa ukuta wa ukumbi wa mtaa aupambe atakavyo. Ukuta ule! Mita kumi na mbili! Kila anayeingia Majengo huuona kabla ya kitu kingine chochote. Mbunifu wa mabango wa kujitegemea kama mimi akiupata, mama mkwe hatamuuliza tena kila Ijumaa kama ameshapata kazi.

Shida ni moja: Opicho. Anachora vibao vya maduka kwa brashi tangu sijazaliwa. Kinyozi, bucha, muuza kuku, wote ni mkono wake. Kuku wake wana meno. Tayari ameandika pale kona kwa rangi nyekundu: USITUPE TAKA HAPA, MBWA WEWE. Tangu aandike, lundo limeongezeka. Wageni wakiuliza pa kutupa taka, sasa huelekezwa: pale penye maandishi.

Nilisimama nikasema jamii haibadilishwi kwa matusi, hubadilishwa kwa upendo na ubunifu. Opicho akauliza huo upendo unauzwa lita shilingi ngapi. Watu wakacheka. Wacheke tu.

Jumanne, 9 Juni

Wazo! Limenijia Rufaida akikaanga mahamri ya wateja wake wa asubuhi. Mwanga wa dirishani ulimpiga shavuni. Nikajiuliza, ni nani anaweza kutupa ganda la ndizi mbele ya uso kama huu? Hakuna. Mimi mwenyewe, tangu nimuoe, situpi soksi chini.

Nikampiga picha. Alikuwa amekunja mikono kifuani kwa sababu nilimchelewesha na mafuta yalikuwa yanaungua. Imetoka vizuri mno! Macho yanatazama mbali. Mtandio wa kijani. Nyuma nimeweka miale ya jua. Chini, herufi nene: RUFAIDA. Chini zaidi: Mabadiliko Yaanze Hapa. Basi. Nafasi iliyobaki nimeiacha tupu ipumue.

Rufaida aliitazama akauliza mbona hakuna neno taka. Nikamweleza kwa upole kwamba bango lenye maneno mengi ni risiti. Kazi ya sanaa ni kumfanya mtu afikirie. Akasema kwa hiyo watu watafikiria nini hasa? Nikambusu kipaji cha uso. Hajasomea mambo haya. Mimi pia sijayasomea, niliishia kidato cha nne, lakini nina miaka minane kwenye kompyuta.

Alikubali bango moja, dogo, la pale kona. Moja, thelathini, mapenzi hayana hesabu. Nimekwenda mjini kwa miguu, nikachapisha makubwa.

Jumatano, 10 Juni

Nimetundika yote thelathini kabla ya saa tatu. Gundi nimepika kwa unga wa mahamri. Atajua baadaye.

Mafanikio! Watu wanasimama. Wanasoma. Wanatikisa kichwa polepole kama watu walioguswa moyo. Kathini, anayeuza sukumawiki karibu na lundo, aliniita akauliza mbona tumeanza mapema hivi. Nikamwambia mabadiliko hayana mapema. Akauliza kama huyo wa bango atawakumbuka hata wao wa upande wa chini. Nikasema hao ndio wa kwanza moyoni mwake. Kathini akaomba mabango mawili ya kibanda chake!

Opicho alipita na ngazi yake begani. Alitazama bango muda mrefu. Akaniambia kijana, umethubutu. Kutoka kwa Opicho! Nilitembea hadi nyumbani nikiwa mrefu zaidi.

Lundo lenyewe halijapungua. Sanaa huchukua muda kuingia.

Alhamisi, 11 Juni

Saa moja asubuhi, hodi. Nafungua, foleni! Watu tisa hadi kwenye ngazi. Nikajua siku yangu imefika: wateja! Niliwaketisha kwenye viti vya harusi, nikaondoa hata vitambaa. Nikawapa chai. Nikagawa kadi zangu. Nuradin, nahodha wa timu ya mpira, alisema vijana wanahitaji jezi. Nikasema hiyo ni kazi yangu kabisa, wanapenda rangi gani? Akajibu rangi yoyote ya chama chake. Nikauliza chama cha nani. Cha mheshimiwa, akasema. Mheshimiwa yupi? Wote tisa wakanyoosha kidole jikoni.

Jikoni! Mke wangu! Wanadhani anagombea udiwani mwakani!

Mzee Mbithi alikuwa ameleta orodha ya mabati. Kathini anataka taa ndefu karibu na kibanda chake. Mmoja alikuja kwa mchango wa mazishi na picha ya marehemu. Na mimi nimeshamaliza maziwa yote.

Ndipo akaingia mama mkwe, Bi Kibibi, bila hodi. Mkononi ana bango lililokunjwa kama fimbo. Alisema alitoa binti na hina yake na ngoma yake, kumbe alikuwa anatoa mgombea. Alisema uso wa mwanawe uko ukutani kuanzia msikitini hadi buchani, na mmoja uko kwenye mlango wa choo cha kulipia. Akauliza kama mahari yangu ilikuwa ya mke au ya kampeni. Nilijitetea kwamba lile la chooni sikulitundika mimi. Haikusaidia.

Rufaida akatoka jikoni na unga viganjani. Akaliona bango. Akaniona mimi. Nilihesabu siku za ndoa yangu, nikaona ishirini na sita si haba.

Lakini mke wangu! Alipangusa mikono, akasalimia wazee kwanza, akawaambia kwa sauti ya kawaida kwamba hagombei kitu chochote. Wageni wakatazamana wakatabasamu. Mzee Mbithi akasema hivyo ndivyo wanavyosema wote. Nuradin akasema huyu ni mjanja, huyu atashinda.

Rufaida akarudia kwamba hagombei. Wakapiga makofi. Basi akavuta pumzi, akasema yeye hana jezi wala mabati, na mtu ambaye mtaa wake umeshindwa kuzoa maganda ya ndizi asimwombe jirani taa. Aliyekuja kumwona arudi kesho baada ya sala ya Ijumaa, pale kona, na sepetu.

Wakaondoka wakimsifu. Bi Kibibi aliketi, akaomba chai. Hakukuwa na maziwa. Hilo nalo likawa kosa langu.

Magharibi Rufaida aliosha vikombe vyote vya wageni. Kisha akaniuliza unga wake uko wapi.

Ijumaa, 12 Juni

Walikuja arobaini! Nuradin na timu nzima. Kathini na wenzake. Opicho alileta mkokoteni wake na kunisukumia upande mzito. Bi Kibibi alisimama juu ya tofali akielekeza watu kwa bango lile lile lililokunjwa.

Halafu kioja. Saa tisa likaja lori. Mheshimiwa mmoja, jina naliacha, amesikia kuna mwanamke mpya mwenye macho ya mbali anayezoa taka na watu wake. Akaona asipitwe. Lori likabeba lundo lote hadi chini. Saa kumi na moja kona ilikuwa udongo mtupu. Niliona rangi ya ardhi ya pale kwa mara ya kwanza maishani.

Bango moja tu limefanya haya yote. Haya, thelathini.

Jumapili, 14 Juni

Mama Kavindu alisimama mbele ya ukuta akatangaza mshindi: Rufaida! Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka. Kisha nikakumbuka kwamba mshindani nilikuwa mimi.

Rufaida aliulizwa anataka nini ukutani. Alisema siku za lori la taka na saa yake, kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Maneno tisa! Risiti! Na achore nani? Akasema Opicho, kwa kuwa rangi yake haitoki kwa mvua, na mume wangu ampangie herufi, kwa kuwa mume wangu anajua kuzipanga. Alisema mume wangu mara mbili, mbele ya mtaa mzima. Sikusikia kingine.

Opicho alitaka kuongeza kuku pembeni. Nilikubali. Bila meno.

Jumatatu, 15 Juni

Siku ya thelathini ya ndoa. Nimemwandikia Rufaida shairi nyuma ya bango moja nililolibandua ukutani. Amelisoma mara mbili, ameliweka kwenye mkoba wake.

Sasa imethibitishwa: ubunifu hubadilisha jamii. Kazi inayofuata ni mtaro ulioziba nyuma ya ukumbi. Safari hii unahitajika uso wenye heshima, unaoogopwa kidogo. Nani kama mama mkwe? Na hilo litamaliza kinyongo chake nami.

Alisinzia kwenye kiti chetu baada ya chakula cha mchana, nikampiga picha. Ametulia kabisa! Macho ameyafumba, uso una amani. Nimeigeuza nyeusi na nyeupe ili iwe na uzito. Fremu nyeusi. Ua moja jeupe pembeni. Herufi nyembamba: BI KIBIBI. Na chini yake: Majengo Haitakusahau. Nafasi iliyobaki nimeiacha ipumue.

Neno mtaro sijaliweka. Rufaida yuko sokoni kununua unga, kwa hiyo hakuna wa kuniuliza maswali. Nimechapisha hamsini. Natundika kesho mapema, kuanzia msikitini.

Bi Kibibi atalia.