Mega Mia Ndani ya Kabati la Vioo

Jumatatu, 4 Machi
Leo tumehamia intaneti ya kasi. Mega mia! Zamani tulikuwa na ishirini, wala hatukujua kuwa tuna hali mbaya. Ijumaa saa nne asubuhi binti yangu, mhandisi wa maji, anafanyiwa usaili wa kazi kwa video. Mabosi watatu, mji wa mbali. Walioomba ni mia mbili, wamebaki wanne. Mmoja wa hao wanne nimemzaa mimi. Picha isije ikaganda mwanangu akiwa ameachama kama samaki. Ndiyo sababu ya hizo mega.

Nikamweleza jirani wa mlango wa pili, Mama Mapazia. Tunamwita hivyo kwa kuwa hajawahi kuona pazia asichungulie. Akauliza kama tumenunua na ruta mpya, kile kisanduku cha kusambazia intaneti nyumbani. Nikasema ya nini, ruta tunayo, miaka sita sasa na haijaugua. Akacheka kwa pua. Eti ruta kuukuu haiwezi kubeba kasi mpya. Yake ina pembe nne za antena.

Nimerudi ndani nikaikagua yetu. Kweli, haina hata pembe moja. Lakini inakaa kwenye kabati la vioo, katikati ya sinia zangu za chuma na picha ya binti akiwa na joho, chini ya kitambaa nilichofuma mwenyewe. Yake inakaa sakafuni kama ndala!

Jumanne, 5 Machi
Nimepigia simu kampuni ya intaneti. Msichana, sauti ya asali. Akataka namba iliyo chini ya ruta. Nikaisoma bila miwani, kwa hiyo mara tatu. Akasema ni ya zamani kidogo lakini itafanya kazi. Nikaanza kushangilia. Akaongeza kwamba zote mia hazitatoka, huenda ikatoa sitini hivi.

Nikamuuliza hizo arobaini zinakwenda wapi. Akasema haziendi popote. Nikamwambia hivi: mwanangu, kitu nilichoagiza hakiwezi kukosa pa kwenda. Akauliza kama nina swali jingine. Nilikuwa nalo, lile lile.

Nimewaza kutwa nzima. Binti yangu mwenyewe ameniambia mara nyingi: maji yakipungua njiani, tafuta bomba linalovuja. Nyuma ya kabati kuna ukuta. Nyuma ya ukuta ni sebule ya Mama Mapazia. Na picha zake hazigandi hata kidogo. Basi! Nimeelewa kila kitu.

Jumatano, 6 Machi
Nimeziba. Foili ya jikoni, mikunjo mitatu, mgongo mzima wa kabati. Iliyobaki nikaivisha ruta yenyewe, nikaacha kauwazi mbele, upande wetu. Halafu pembe. Nimechomeka sindano tano za kufumia juu ya kitambaa. Yeye nne, mimi tano. Alipokuja kuazima kikombe cha sukari nilimwona akihesabu kwa midomo.

Jioni binti alijaribu video na rafiki yake. Ikaganda. Akaniuliza kama kuna kitu nimegusa. Nikasema mimi? Niguse nini? Na sikusema uongo. Sikugusa, nilifunga.

Kesho anakuja fundi wa kampuni. Binti hajala vizuri. Anasema kazi yenyewe ni ya kupeleka maji kwenye vijiji arobaini na ameisubiri tangu amalize chuo. Nimemwambia asiogope, mama yupo. Akavuta pumzi ndefu.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi kafungua kabati. Kachomoa sindano moja, kaigeuzageuza.

"Mama," akasema, "huyu mgonjwa kafungwa bandeji kwa nini?"

Akatoa foili yote, sindano zilizobaki, kitambaa. Akaiweka ruta juu ya stuli katikati ya sebule, uchi wa mnyama. Akapima kwa simu yake: sitini na mbili. Akairudisha kabatini katikati ya sinia, akapima: nne. Akaitoa tena. Akasema polepole, kama anayemsemesha kiziwi:

"Ruta ni nzima. Usaili unahitaji mega kumi tu. Iache hapa, usiifungie, usiifunike."

Ruta ni nzima! Sikusubiri amalize. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Mapazia nikamwambia fundi mwenye cheti amesema ruta yangu ni nzima.

Ijumaa, 8 Machi
Saa tatu na nusu nilitazama sebule kwa macho ya mabosi. Binti kapendeza, shati limenyooka. Na nyuma yake, ruta uchi juu ya stuli kama ndoo ya mgeni! Watasema ametoka nyumba gani? Nikairudisha kabatini. Kitambaa tu, foili hapana, mimi si kichaa. Nikafunga na ufunguo nikauficha kifuani.

Saa nne na dakika mbili bosi wa kwanza aliganda jicho moja limefumba. Wa pili akawa vipande vipande. Binti akaita halo, halo. Kisha akainuka, akaikumbatia kompyuta kama mtoto mchanga, akatoka pekupeku hadi kwa Mama Mapazia.

Mimi nikabaki natafuta ufunguo, umeteleza sijui wapi. Nikaweka sikio ukutani. Nikamsikia mwanangu akieleza pampu na matangi, sauti haitetemeki. Mabosi wakacheka. Dakika arobaini. Nimelia hadi upindo wa kanga umelowa.

Aliporudi alitazama kabati, akanitazama mimi. "Mama, fundi alikuambia nini?"

Nikasema aliniambia ruta ni nzima.

Jumatatu, 11 Machi
AMEPATA! Kazi ni yake! Nimeshamwambia muuza mboga, mshona viatu, na mtu mmoja aliyekosea namba. Kuanzia leo naitwa Mama Mhandisi.

Mama Mapazia anatangaza kwamba kazi imepatikana sebuleni kwake. Sebule ni yake, sikatai. Lakini intaneti? Fundi alitoa foili Alhamisi, arobaini zangu zikapita ukutani, Ijumaa zikamsaidia mwanangu. Hesabu imekaa sawa. Sikumwambia, nisimvunje moyo.

Jumatano, 13 Machi
Kushukuru ni uungwana. Nimemfumia ruta yake vazi, nyuzi mbilimbili, na soksi nne za pembe. Tumeiokota sakafuni pamoja, tukaiweka ndani ya kabati lake la masufuria. Alikiri kuwa sasa nyumba ina heshima. Tumekumbatiana.

Alhamisi, 14 Machi
Mama Mapazia kabisha hodi asubuhi. Eti tangu jana picha zinaganda, haelewi. Nimemhurumia sana. Nikamweleza kwa upole kwamba ruta za pembe nyingi hazibebi kasi, fundi alishasema nzima ni yangu. Kisha nikampa ile foili aliyoitoa fundi.