Nilifuta, Lakini Ukumbi Ulikuwa Umeshasoma

Leo nimeaibika, na chombo cha kuniaibisha nilikiunda mwenyewe.

Madam Nekesa, aliyetufundisha kompyuta shuleni kule Bungoma, anastaafu. Nikatoka Kitale asubuhi na zawadi yangu: ukurasa wa mtandao wa kumuaga, unaoonekana kwenye pazia kubwa la projekta ukumbini. Unaandika kwa simu, kila herufi inaenda kwa seva, ile kompyuta inayoendesha ukurasa, nayo inabadilisha maandishi ya pazia papo hapo. Hakuna kungoja ukurasa ufunguke upya. (Hapo nilijigamba, wee!)

Nikakaa nyuma, nikitazama salamu zikijaa. Moyo ukanirudisha maabara. Kompyuta sita, wanafunzi arobaini. Ukibonyeza Tuma unaenda kunywa maji, unarudi, ukurasa bado unafunguka. Jamani, siku zile zilikuwa tamu!

Na vile vipanya vya kompyuta vya zamani, vyenye kimpira kizito chini. Mimi nilichomoa kimpira kimoja nikaenda kukichezea bano, mchezo wa gololi. Aliyeadhibiwa ni rafiki yangu Wafula, kwa sababu yeye ndiye alikuwa ametumia ile kompyuta mwisho. Alifukuzwa maabara muhula mzima. Nikanyamaza. Siku hizi analima mahindi Tongaren, na leo alikuwa safu tatu mbele yangu, amevaa suti ya harusi yake.

Machozi yakanilenga. Nikaandika: "Madam, kile kimpira cha kipanya nilikiiba mimi. Wafula hakujua lolote."

Nikaisoma. Woga ukaniingia. Nikafuta yote, polepole. (Si sijabonyeza Tuma? Vidole vyangu bado viko kwa ile maabara.) Nikaandika nyingine: "Asante Madam kwa kutufunza uaminifu."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko! Watu wanapiga meza, mama mmoja anajipangusa machozi na leso. Nikainua macho. Pazia lilikuwa limeonyesha kila kitu, kuandika na kufuta, herufi moja moja, chini ya jina langu. Wueh! Nilitamani ardhi ipasuke.

Madam akachukua maikrofoni. "Njoroge, rudisha ile ya kwanza. Na safari hii usifute."

Nikaandika upya, ukumbi mzima ukisoma kwa sauti. Wafula akasimama. Akaanza kuja. Nikajua leo napigwa.

"Ati muhula mzima, bana! Na tulikuwa tunakula sahani moja!"

"Nisamehe, ndugu yangu. Niliogopa."

Aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa. Kumbe sikuwa nimewahi kumuomba msamaha, miaka yote hiyo ya kupigiana simu na kutakiana Krismasi njema. Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Mwishowe akanyoosha mkono. "Sawa. Lakini nakudai muhula wangu wa kompyuta."

Tunaanza Jumamosi, nyumbani kwake Tongaren. Amesema katika darasa hilo mwalimu akikosea, mwanafunzi ndiye atatoa adhabu. Tafadhali msinicheke, niombeeni.